Mnyororo wa Baiskeli: Usafi Wake na Mafuta Yake

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetutiishia vipando ambavyo kwa nguvu zetu wenyewe tusingaliviweza. Ama baada ya hayo: wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za sala, saumu na malezi ya watoto. Mwezi huu nataka kuzungumza nao juu ya kitu kilichomo uani mwao, kimeegemezwa ukutani, nacho kimejaa vumbi na kutu. Nakusudia mnyororo wa baiskeli, ambao wengine huuita cheni.

Huenda msomaji akacheka. Lakini kabla hajamaliza kucheka, na ahesabu ni mambo mangapi ya nyumba yake yanayopita juu ya mnyororo ule. Mchuuzi wa samaki huwahi mnadani alfajiri, na akikatikiwa njiani jua likapanda, mali yake yote huoza mikononi mwake. Mwanafunzi wa shamba huenda skuli maili tatu au nne, na alasiri akaja chuoni. Muuza mkaa, muuza maji, fundi seremala na kikapu chake cha zana, wote hao riziki yao imefungwa juu ya keria. Hata neno hili bodaboda, ambalo leo watu hulifahamu kuwa ni pikipiki, lilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960.

Na pamoja na hayo, hakuna kiungo kinachodharauliwa kama mnyororo. Utamwona kijana amefuta fremu hata yang'aa, ametia maua ya plastiki kwenye usukani, na kengele yake yasikika mtaa wa pili. Ukimtazama mnyororo wake wauona umevimba kwa tope jeusi, na kila akikanyaga hutoa sauti kama panya waliokanyagwa. Ukimwuliza, hukwambia, "Mwalimu, nimeutia mafuta juzi." Naam, ametia, na hapo ndipo penye maradhi yenyewe, kama tutakavyoona.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita kwa ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawahimiza watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema. Mimi sisemi kwamba chuma kina haki ya mnyama. Chuma hakioni njaa wala hakilii. Walakin kupoteza mali ni jambo lililokatazwa bila ya shaka, na mtu anayenunua mnyororo mpya kila miezi michache kwa sababu ya uvivu wa robo saa, huyo anapoteza mali ya watoto wake. Tena yafaa tukumbuke kwamba katika Sura ya Saba' twaelezwa habari za Nabii Daud (A.S.), jinsi alivyolainishiwa chuma na kuamrishwa atengeneze nguo za vita na akadirie vyema uunganishaji wa pete zake. Basi kazi ya pete za chuma na kipimo chake ni kazi iliyofanywa na Nabii, wala si ya kudharauliwa na mwana wa chuo.

Mnyororo umeundwaje

Mtu hawezi kukitunza asichokijua. Chukua mnyororo uutazame karibu. Utaona vibati viwili viwili vya ubavuni, na baina yake kigurudumu kidogo cha duara. Kigurudumu hicho ndicho kinachokaa juu ya meno. Lakini ndani ya kigurudumu mna kimwanzi cha chuma, na ndani ya kimwanzi mna pini. Mnyororo unapokunjika kuingia katika meno, pini huzunguka ndani ya kimwanzi, na kigurudumu huzunguka nje ya kimwanzi. Hapo ndipo chuma husuguana na chuma, mahali pasipoonekana kwa jicho. Umbo hili lilivumbuliwa na Hans Renold, mhandisi aliyekuwa na karakana mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Na miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma. Baiskeli zetu za leo, ziwe ni Raleigh za zamani, au Phoenix za Shanghai, au Hero za Ludhiana huko India, zote ni wajukuu wa ile.

Toka pini hata pini ya pili ni nusu inchi kamili, na mnyororo wa baiskeli ya kawaida yenye fremu ndefu hupata pingili 110 na kitu, yaani zaidi kidogo ya tasbihi ya punje 99. Shika hesabu hii, tutaihitaji.

Sasa, watu husema mnyororo umetanuka, wakadhani vibati vimevutika kama mpira. Sivyo. Vibati havitanuki. Kinacholika ni pini na kimwanzi chake. Kila kiungo hulegea kwa kadiri ya unywele, na unywele mmoja ukizidishwa mara 110 huweza kufika karibu nusu inchi. Na kinachokula pini ni mchanga uliochanganyika na mafuta. Mchanga mkavu peke yake huanguka. Mafuta mepesi peke yake hulainisha. Lakini viwili hivyo vikikutana, huwa ndio ule uji wa tupa ambao mafundi wa vyuma hutumia kwa makusudi kulia chuma. Basi yule kijana wetu aliyetia mafuta juu ya tope, amekoroga uji huo na kuupeleka ndani ya viungo kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliupima mnyororo wa baiskeli kwa mashine, wakaona kwamba ukiwa katika hali njema huweza kufikisha hadi 98.6 katika kila sehemu 100 za nguvu inayotiwa. Na jambo lililowastaajabisha ni kwamba ndani ya maabara yao, pasipo vumbi, aina ya mafuta haikuleta tofauti kubwa katika nguvu iliyofika. Wakaona kazi kubwa ya mafuta ni kujaza nafasi za ndani ili uchafu usipate pa kuingia. Hii yatufundisha kwamba usafi ndio asili, na mafuta ni mlinzi wa usafi. Anayetia mafuta bila ya kusafisha ni kama anayejifukiza udi bila ya kuoga.

Mafuta yapi yafaa

Nianze na yasiyofaa, kwani ndiyo yanayotumika zaidi. Mafuta ya nazi na mafuta ya kupikia hayafai. Kwa siku mbili tatu huteleza vizuri, kisha huganda na kunata kama ulimbo. Grisi nayo ni nzito mno: haiingii ndani ya kimwanzi, hubaki nje ikikusanya mchanga wa barabara nzima. Oili chafu iliyokwisha kutumika katika magari, ambayo hupatikana bure kwa mafundi, ni mbaya kuliko zote, maana imejaa chembe za chuma na masizi ya injini, na tena yadhuru ngozi ya mikono kwa kuizoea. Mafuta ya taa ni ya kusafishia tu. Huyeyusha uchafu, lakini hayabakii, na ukiyatumia kama mafuta ya kulainishia, kesho mnyororo utalia.

Yanayofaa ni oili safi ya injini isiyo nzito sana, ambayo kopo dogo humtosha mtu mwaka mzima na zaidi. Au mafuta ya cherehani, ambayo nyumba nyingi za Waislamu yamo tayari, kwa kuwa kina mama hushona. Mafuta ya cherehani ni mepesi, huingia ndani upesi, ila hukauka upesi pia. Basi mwenye kuyatumia ayarudie kila wiki, na wakati wa masika kila baada ya kunyeshewa. Madukani siku hizi kuna na mafuta maalumu ya minyororo katika chupa ndogo. Ni mazuri, lakini sioni haja ya mtu wa kipato kidogo kujikalifisha kwayo.

Namna ya kuifanya kazi

Chagua asubuhi ya siku ya mapumziko, na mahali palipo mbali na jiko, na taa, na mtu avutaye sigara. Tandika gunia kuukuu. Tayarisha matambara mawili, mswaki mkuukuu, mafuta ya taa kidogo katika kopo la bati, na oili. Asiye na mswaki, na achukue kipande cha kumbi la nazi, akipondeponde ncha. Hufanya kazi vizuri sana. Pindua baiskeli ikae juu ya kiti na usukani wake, kama wafanyavyo mafundi. Kwa kuwa imepinduliwa, mambo yote yamegeuka juu chini, basi usishangae.

Shika tambara kavu kwa mkono mmoja, ukiubana mnyororo mahali palipo mbali na meno ya mbele na meno ya nyuma, na kwa mkono wa pili zungusha pedali kinyumenyume, polepole. Uchafu mwingi utatoka hapo hapo. Kisha lowesha mswaki kwa mafuta ya taa, usugue pingili juu, chini na ubavuni, na meno yote mawili, la mbele na la nyuma, ukiuchokoa ule utando mgumu unaokaa baina ya jino na jino. Futa tena. Rudia mpaka tambara litoke karibu safi; lisitoke jeupe kabisa, hilo usilitafute, utachoka bure. Uache mnyororo ukauke vizuri, kwani mafuta ya taa yakibakia ndani huyapunguza nguvu mafuta utakayotia.

Kwa baiskeli zile ambazo breki yake ya nyuma ni ya kukanyaga kinyume, pedali haitazunguka nyuma. Hiyo izungushwe mbele, taratibu, gurudumu likiwa hewani.

Sasa yaja kazi ya mafuta, nayo yataka subira zaidi kuliko nguvu. Tafuta kile kiungo cha kufungulia mnyororo, chenye kibanio kidogo chenye umbo la samaki. Anzia hapo, ili ujue umemaliza mzunguko utakaporudi kwake. Tia tone moja, tone moja tu, juu ya kila kigurudumu, upande ule unaoelekea ndani ya mzunguko wa mnyororo, ili mwendo wenyewe uyasukume mafuta kwenda nje kupitia viungo. Tone kwa kila kigurudumu, mpaka umrudie samaki wako. Kisha zungusha pedali mara ishirini au thelathini, uache baiskeli robo saa, yaani muda wa kusoma kurasa chache za Msahafu kabla hujajipaka uchafu tena. Ukirudi, chukua tambara la pili lililo safi, ufute nje yote ya mnyororo kwa bidii, kana kwamba wataka kuyaondoa mafuta uliyotia. Wengi huona uchungu kufuta mafuta waliyoyanunua. Lakini yaliyo nje hayana kazi ila kushika vumbi. Yenye kazi yamekwisha kuingia ndani, wala tambara haliyafikii.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, yafaa mnyororo ufunguliwe wote na kuoshwa ndani ya kopo la mafuta ya taa. Mtoe samaki kwa ncha ya bisibisi au kwa koleo, na umweke ndani ya kifuniko, maana ni mdogo na akianguka mchangani hapatikani. Tikisa mnyororo ndani ya kopo, mwaga, tia mafuta mengine, tikisa tena, kisha uanike. Wakati wa kurudisha, angalia jambo moja: kichwa cha samaki, yaani upande uliozibika, kielekee kule mnyororo unakokwenda, na mkia ulio wazi ubaki nyuma. Akiwekwa kinyume, siku moja atagonga kitu njiani, atafyatuka, na mnyororo utafunguka ukiwa katikati ya mlima na mzigo juu. Mafuta ya taa yaliyochafuka yasimwagwe karibu na kisima wala njiani wala chini ya mti wa kivuli. Yaache yatuame siku mbili. Yaliyo juu yatakuwa safi na yatafaa kwa mara ya pili, na tope la chini lipakwe kwenye miguu ya kibanda cha kuku, ambapo mchwa hupenda kupanda.

Wakaao mwambao wana adui mwingine, nayo ni chumvi. Wale wanaopita ufukweni maji yakiwa yametoka, kama ilivyo desturi katika vijiji vya mashariki ya Unguja, baiskeli zao hushika kutu kwa usiku mmoja. Kwa hao dawa ni maji baridi, yaani maji matamu yasiyo na chumvi: suuza mnyororo siku ile ile, ufute, uache juani mpaka ukauke kabisa, kisha tia mafuta kabla ya kulala. Hata mvua ya kawaida yataka hivyo, ila kusuuza.

Tahadhari mbili kwa wazazi

Ya kwanza ni vidole. Mtoto hupenda kusaidia, na ni vizuri asaidie. Lakini mkono unaozungusha pedali na mkono unaofuta mnyororo uwe wa mtu mmoja, daima. Mmoja akizungusha na mwingine akifuta, hutokea mzungushaji kutazama pembeni, na tambara likavutwa pamoja na kidole baina ya mnyororo na meno. Kidole cha mtoto kikiingia hapo, huweza kutoka bila ya ncha yake. Na mtoto mdogo anayetambaa asiachwe karibu hata dakika moja, kwa maana gurudumu linalozunguka humvuta kama taa ivutavyo nondo.

Ya pili ni mafuta ya taa. Balaa la watoto kunywa mafuta ya taa madaktari wa nchi zetu wanalijua sana, na sababu yake kubwa ni kuyatia katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto ana kiu, aona chupa anayoijua, hunywa. Tia katika kopo lisilofanana na chombo chochote cha kunywea, uliweke juu, na likimalizika kutumika liondoke uani saa ile ile. Na Mungu apishe mbali, mtoto akinywa, asitapishwe kamwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa au mafuta ya kula kama wafanyavyo wengine kwa nia njema. Anapotapika, mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yauako. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na chupa aliyonywea.

Siku ya kuubadilisha

Hata mnyororo uliotunzwa una ajali yake. Kuijua, chukua rula ya skuli yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, uhesabu pingili 24. Mnyororo mpya, pini ya ishirini na nne itaanguka juu ya inchi 12 barabara. Ikiwa imepita hata kufikia inchi 12 na sehemu moja ya nane, mnyororo umekwisha, na kuendelea nao ni hasara, kwa kuwa utayala meno, na meno ni ghali kuliko mnyororo. Meno yaliyoliwa huchongoka na kuinama upande mmoja kama meno ya papa. Mnyororo mpya juu ya meno ya namna hiyo utaruka ruka, na fundi asiye mwaminifu atakuuzia mwingine. Baiskeli zenye gia nyingi, ambazo vijana huzipata mitumba kutoka Japani na Ulaya, mnyororo wake ni mwembamba na haustahimili kulegea kwingi. Huo ubadilishwe ukifika sehemu moja ya kumi na sita, na kwa kuwa mara nyingi hauna samaki, kuufungua mwachie fundi mwenye chombo chake.

Baadhi ya wanafunzi wamepata kuniuliza juu ya udhu wa mtu aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Jibu kwa madhehebu yetu ya Shafii ni hili: oili si najisi, na rangi yake nyeusi iliyobaki katika ngozi bila ya kiwiliwili haidhuru udhu, kama isivyodhuru rangi ya hina. Unyevu wa mafuta mepesi nao haudhuru, maadamu maji yanaipata ngozi na kupita juu yake. Lakini grisi iliyoganda, na ule utando mzito wa mnyororo, na tope la mafuta lililojaa chini ya kucha, hivyo vyazuia maji, basi havina budi kuondolewa kwanza. Usioshe mikono kwa mafuta ya taa, kwani hubabua ngozi. Sugua mafuta kidogo ya nazi mpaka uchafu ulegee, ufute kwa tambara, kisha sabuni pamoja na jivu laini au mchanga mwembamba, na kijiti kwa ajili ya kucha. Yote hayo hayazidi dakika kumi. Anayeanza kazi yake asubuhi huikuta Adhuhuri akiwa tayari.

Ama kanzu iliyoguswa na mnyororo, sala yake yasihi ikiwa ni oili tu, na tope la barabarani ambalo ni taabu kujiepusha nalo limesamehewa, madhali mtu hakuona najisi yenyewe ndani yake. Linalobakia ni doa, na hilo ni la mama wa nyumbani zaidi kuliko la mufti. Lisuguliwe sabuni ya kipande likiwa kavu, kabla halijaguswa na maji, liachwe kidogo, kisha lifuliwe kwa maji ya moto. Wala kanzu isipigwe pasi kabla doa halijatoka, maana moto wa pasi hulizamisha ndani ya uzi.